Modeli ya ukumbi imekataa: dalili, chanzo na tiba kwa wabunifu wa taa

"Kaka, nimefungua faili lako, ukumbi haupo."

Ujumbe wa namna hii nimeupokea mara nyingi, na mimi mwenyewe nimeutuma kwa wenzangu mara nyingi. Umepewa modeli ya ukumbi, shughuli ni Jumamosi, unataka kupanga taa usiku huu, na unachokiona ni skrini tupu. Au ukumbi upo lakini umelala chali. Au umesimama vizuri, ila kuta hazizuii mwanga. Katika kazi hii jambo moja nimelishika: tatizo huonekana kwenye kompyuta ya aliyepokea, lakini karibu kila mara limezaliwa kwa aliyepima, aliyechora au aliyehamisha faili. Ukitaka kulitibu, rudi nyuma hatua kwa hatua hadi lilikoanzia. Usisukumesukume vitu ndani ya programu ya mwanga hadi macho yaridhike, kwa sababu kosa litabaki pale pale na litakungoja ukumbini.

Mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Kabla ya yote, fanya jaribio la dakika moja: tafuta mlango ndani ya modeli, pima kimo chake. Mlango wa kawaida una kimo cha mita 2.1 hivi. Ukipata namba inayokaribia hapo, ruka sehemu ya kwanza. Ukipata 2,100 au 0.05, endelea kusoma.

## Ukumbi umekuja mdogo kama kiberiti, au mkubwa kama mji

Chanzo ni vizio vya vipimo. Faili la OBJ au STL, yaani mafaili ya maumbo ya pande tatu, halibebi kizio chochote. Ndani mna namba tupu, na kila programu huamua yenyewe kama 18 ni mita, sentimita au inchi. Faili la DWG, la michoro ya AutoCAD, linaweza kubeba kizio, lakini michoro mingi tunayopewa na wenye kumbi haikuwekewa. Andika INSUNITS kwenye AutoCAD uone: 0 maana yake mchoro haujasema lolote, 1 ni inchi, 2 futi, 4 milimita, 5 sentimita, 6 mita. Faili la glTF, nalo la maumbo ya pande tatu, lina nafuu, kwa sababu kanuni yake tangu mwanzo ni mita, basi.

Tiba si kuvuta modeli kwa kukisia. Chukua kipimo kimoja unachokijua kwa uhakika, tuseme upana wa jukwaa uliopimwa kwa futikamba, ukilinganishe na kile cha modeli. Gawanya kikubwa kwa kidogo. Namba utakayopata inamtaja mkosaji. Ukipata 1,000, mita na milimita zimechanganywa. 25.4 ni inchi na milimita. 39.37 ni mita na inchi. 304.8 ni futi na milimita. 12 ni futi na inchi. Hizi utazigundua haraka kwa sababu ukumbi utaonekana wa ajabu. Zinazodanganya ni 2.54, yaani inchi na sentimita, na hasa 3.28, yaani mita na futi. Ukumbi wenye upana wa mita 9 ukija na upana wa mita 29.5, ambaye hajawahi kuingia humo atasema tu kwamba ni ukumbi mkubwa, na ataupangia taa.

Ukipata 2 kamili, uliza kuhusu karatasi. Mchoro wa kipimo cha 1:100 uliotengenezwa kwa karatasi ya A1 ukichapwa kwenye A3 hupungua nusu kila upande, ukawa 1:200, huku maandishi ya pembeni yakiendelea kusema 1:100. Ukipata namba isiyo na maana, kama 1.07, jua kuna mtu aliyevuta mchoro juu ya picha akatosheka na macho. Hapo hakuna hesabu ya kukuokoa, kapimwe upya.

## Skrini tupu, au ukumbi unatetemeka ukizungusha kamera

Hii inatukuta sana sisi wa Pwani na ina sababu yake ya kijiografia. Michoro ya viwanja na majengo mara nyingi huwekwa kwenye majiranukta ya UTM, mfumo wa kutaja mahali duniani kwa mita, na kwetu ni ukanda wa 37 Kusini. Katika mfumo huo hesabu ya kaskazini-kusini huanzia mita 10,000,000 kwenye ikweta na hupungua kadiri unavyoshuka kusini. Dar es Salaam inaangukia milioni 9.2 na ushei, Nairobi milioni 9.8 na ushei. Maana yake ukumbi wako hauko karibu na nukta sifuri ya programu. Uko zaidi ya kilomita 9,000 kutoka hapo. Kamera inaangalia sifuri, na sifuri hakuna kitu.

Ukibahatika kuukuta, utaona mistari inarukaruka, nguzo zinakatika, viti vinazama sakafuni. Programu nyingi za picha za pande tatu huweka nafasi ya kila pembe kwa namba za biti 32. Namba hizo zikishapita 8,388,608 haziwezi tena kutofautisha kitu kidogo kuliko 1. Kwa mita, ni sawa na kuchora jukwaa kwa rula isiyo na alama kati ya mita moja na nyingine. Hapo kompyuta yako ni nzima na kadi ya picha haina hatia.

Tiba hufanywa kule kule mchoro ulikotoka, kabla ya kuuhamisha. Chagua vyote, uvihamishe kwa amri ya MOVE kutoka nukta moja uliyoichagua hadi 0,0,0. Nukta hiyo iwe na maana kwa fundi. Mimi hutumia katikati ya ukingo wa mbele wa jukwaa, kwenye usawa wa sakafu ya ukumbi, na si juu ya jukwaa, kwa sababu majukwaa hubadilishwa na sakafu hubaki. Kisha andika nukta uliyoichagua ni ipi.

Kama mchoro uko karibu na sifuri lakini ukiomba kuona vyote ukumbi unakuwa nukta ndogo, kuna kipande kimesahauliwa mbali: mstari, alama ya kaskazini, nakala ya mti. Kifute.

## Ukumbi umelala chali, au kushoto kumekuwa kulia

Kulala chali ni jambo dogo. Programu nyingine huhesabu Z kuwa juu, kama Blender, SketchUp na faili la MVR la kupeana mipango ya taa; nyingine huhesabu Y kuwa juu, kama glTF. Msafirishaji mzuri wa faili hubadilisha mwenyewe. Kama hakubadilisha, geuza nyuzi 90 kwenye mhimili wa X, ufunge mabadiliko hayo ndani ya modeli, utume tena.

Kilicho hatari ni ukumbi uliogeuka kama kwenye kioo, kwa kuwa unaonekana mzima. Milango ipo, dari ipo, vipimo vyote ni sahihi, ila mlango wa maharusi uliokuwa kushoto sasa uko kulia, pamoja na bodi ya umeme na njia ya kebo zako zote. Husababishwa na mtu aliyekuza modeli kwa namba hasi, au kuhama kati ya programu zinazohesabu mihimili kwa mikono tofauti, moja wa kulia na nyingine wa kushoto. Maandishi ndiyo yanayofichua: kama ukutani pameandikwa KUTOKA, yasome. Kumbi nyingi hazina maandishi kwenye modeli, kwa hiyo mimi huchora herufi F kubwa sakafuni mbele ya jukwaa kabla ya kutuma. F ikigeuzwa haifanani na yenyewe, hata kwa simu mtu anaona.

Na mkubaliane maneno. Kushoto kwa jukwaa ni kushoto kwa msanii anayewatazama watu, si kwako wewe uliyekaa nyuma ya deski la kuongozea taa. Nimeona trasi nzima, yaani fremu ya chuma inayobeba taa, ikifungwa upande usio wake kwa sababu wawili walisema "kushoto" kila mmoja akiwa na lake moyoni.

## Kuta hazionekani, au mwanga unazipenya

Kila uso wa modeli una mbele na nyuma. Programu nyingi za mwanga hazichori nyuma, ili zisichoke. Ukuta ukiwa na mbele yake nje ya jengo, wewe uliye ndani huoni kitu. Katika SketchUp uso wa mbele ni mweupe na wa nyuma ni wa kijivu cha buluu, kwa hiyo simama katikati ya ukumbi uangalie: kila kinachoonekana kijivu kitapotea kwa mwenzako. Kigeuze. Katika Blender washa onyesho la mwelekeo wa nyuso, buluu ni mbele na nyekundu ni nyuma. Hapa wengi hukosea, kwa sababu Shift+N huelekeza nyuso zote nje, na kwa ukumbi tunaoutazama kutoka ndani unataka kinyume, yaani Ctrl+Shift+N.

Dawa ya kudumu ni kuupa ukuta unene. Ukuta wenye unene wa sentimita 15 una uso ndani na uso nje, na mwanga hauna pa kupita. Ukiona mstari wa mwanga unachungulia pembeni ambako ukuta unakutana na dari, pana mwanya. Pitisha ukuta juu ya dari kidogo badala ya kuvigusanisha ncha kwa ncha.

Sakafu inayomeremeta madoadoa ukitembeza kamera haina ugonjwa mkubwa: zulia na sakafu viko usawa mmoja na kompyuta haijui kipi kiwe juu. Inua zulia milimita 5.

## Laptopu inanguruma, picha zinakwenda moja moja

Fungua orodha ya vitu, utakuta viti. Ni viti karibu kila mara.

Mtu amechukua kiti kizuri cha harusi kutoka maktaba ya 3D Warehouse, kina mapambo ya mgongo, mishono ya mto na fundo la kitambaa nyuma. Tuseme kina pembetatu 40,000. Ukumbi wa watu 600 una pembetatu milioni 24 kwa viti peke yake, kabla hujaweka hata taa moja. Na hakuna anayepanga taa za jukwaa kwa kutazama mishono ya mto. Kiti cha mbunifu wa taa ni maboksi mawili, la kukalia na la mgongo, pembetatu 24. Kinatupa kivuli, kinaonyesha watu wanakaa wapi, kinatosha. Hali ni hiyo hiyo kwa taa kubwa za fuwele zinazoning'inia darini, maua ya meza na magari yaliyoegeshwa nje.

Kama lazima kiti kiwe kizuri, kifanye kijenzi kimoja kinachorudiwa badala ya nakala 600 zinazojitegemea. Kisha safisha vitu ambavyo havitumiki, maana SketchUp huendelea kubeba kila ulichowahi kuingiza hadi uamuru kisafishwe.

Chanzo cha pili cha uzito ni skani. Simu za iPhone Pro tangu 12 Pro ya 2020 zina kipima-umbali cha lidar, na wengi sasa wanatembea ukumbini na simu, wanatoka na modeli. Ninaiunga mkono njia hiyo kwa sababu hukuonyesha kitu ambacho mchoro haujui: kabati la sauti, ngazi iliyoongezwa, kiyoyozi kinachoning'inia. Lakini lidar ya simu inaona mita 5 hivi, si zaidi. Dari ya mita 7 itakuja na mashimo au haitakuja kabisa. Kwenye ukumbi mrefu makosa madogo hujumlishana ukitembea, hadi ukuta wa mwisho unapinda au unajitokeza mara mbili. Kumbi zetu zenye vioo vya ukutani ni mtihani zaidi, kwa sababu mwale unapiga kioo, unarudi na habari ya upande mwingine, na modeli inaota chumba cha pili nyuma ya ukuta. Tumia skani kama kumbukumbu ya chini. Weka juu yake kuta ulizochora mwenyewe kwa vipimo vya leza, kisha ifute skani kabla ya kutuma.

## Rangi na picha za kuta zimepotea

Umetuma OBJ peke yake. Rangi hukaa kwenye faili la pili lenye mwisho wa MTL, na picha hukaa kwenye mafaili mengine tena, na mara nyingi MTL limeandikwa njia ya folda ya kompyuta yako, ambayo kwa mwenzako haipo. Safirisha kama GLB, aina ya glTF, ambalo hubeba umbo, rangi na picha ndani ya faili moja. Kama mpokeaji anahitaji OBJ, weka vyote kwenye folda moja, funga kwa ZIP, tuma ZIP.

Kuhusu WhatsApp, ambayo ndiyo posta yetu: tuma kama hati, kamwe usitume picha za kuta kama picha, kwa sababu zitabanwa na zitapoteza ukali wake. Hati hupita hadi GB 2, na modeli ya ukumbi inayokaribia hapo inahitaji kwanza kurudi kwenye sehemu ya viti.

Kama faili la SKP, yaani la SketchUp, limekataa kabisa kufunguka, tazama matoleo. SketchUp za kabla ya 2021 hazifungui faili lililohifadhiwa na toleo jipya kuliko zenyewe. Aliyetuma ahifadhi upya kwa toleo la zamani. Vectorworks nayo ni vivyo hivyo.

## Taa zimekuja kama maboksi, au hazitii deski

Siku hizi wengi hupeana faili la MVR, ambalo hubeba jengo, trasi, taa na anwani zake kwa pamoja. Ndani yake kila taa huelezwa na faili la GDTF. Mifumo hii ilianzishwa na MA Lighting, Robe na Vectorworks, na GDTF ikawa kiwango cha DIN SPEC 15800 mwaka 2020. Uzuri wake kwa mtatuzi wa matatizo ni kwamba MVR ni ZIP tu iliyobadilishwa jina. Nakili faili, mwisho wake uufanye .zip, lifungue. Ukikuta GeneralSceneDescription.xml lakini hamna mafaili ya GDTF, umejua kwa nini taa zako ni maboksi. Ukikuta hamna hata modeli za jengo, aliyesafirisha alichagua taa peke yake.

Tatizo letu sisi ni taa zisizo na faili. Muvingi hedi nyingi, yaani taa zinazozungusha vichwa vyake zenyewe, zinazofungwa kwenye harusi na matamasha ya hapa zimeingia bila jina la maana, zimeandikwa nguvu ya balbu tu, na hakuna aliyewahi kuzitengenezea GDTF. Watu huchagua taa nyingine "inayofanana". Sura itafanana, chaneli, yaani nafasi za amri zinazotumwa na deski, hazitafanana. Bimu (taa za mwale mwembamba) za wati 230 zenyewe kwa zenyewe huja zikiwa na hali ya chaneli 16 au 20. Ukipanga kwa 16 na taa ziko kwenye 20, zikiwa na anwani za kila 20, ya kwanza itatii na kuanzia ya pili zote zitachanganyikiwa, kwa sababu kila moja itaanza kusoma katikati ya maneno ya jirani yake. Washa taa halisi, soma kwenye kioo chake kidogo iko hali gani, chukua jedwali la chaneli, uitengenezee GDTF kwa programu ya bure iliyopo kwenye tovuti ya GDTF Share. Ni kazi ya jioni moja, na ukishaifanya mpe kila fundi mwenye taa hizo.

Kama taa ziko sahihi lakini za univasi moja (kundi moja la chaneli 512) zinafuata amri za nyingine, kumbuka njia mbili za kutuma amri kwa mtandao hutofautiana: Art-Net huhesabu univasi kuanzia 0 na sACN kuanzia 1. Na kama hakuna kinachosogea kabisa, zima kwa muda ukuta-moto (firewall) wa Windows ujaribu tena kabla hujagusa modeli.

## Mwanga kwenye skrini haufanani na wa ukumbini

Modeli nyingi hutumwa nyeupe tupu. Rangi nyeupe ya ukutani hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, hivyo ukumbi mzima utang'aa kwenye skrini na utapunguza taa ambazo ukumbini ungezihitaji zote. Zipe nyuso rangi zinazokaribia ukweli: zulia jekundu lililokolea, pazia jeusi, mbao. Huhitaji picha za kuvutia, unahitaji weusi na weupe ulio sahihi. Kama miale ya bimu haionekani hewani, moshi umezimwa kwenye programu. Kama inaonekana minene mno, umeweka moshi ambao kiyoyozi cha ukumbi hakitauacha uwepo.

## Modeli ni safi, lakini ukumbini haiingii

Hapa ndipo penye maumivu, na hakuna programu inayoweza kukuonya.

Mwaka mmoja tulipewa mchoro wa ukumbi wa harusi Dar es Salaam, tukautengenezea modeli nzuri. Trasi tukaiweka mita 6 juu ya njia ya maharusi, taa za kumwaga mwanga za nyuzi 25, moja kila mita 1.8. Uso wa mtu aliyesimama uko mita 1.6 hivi kutoka sakafuni, kwa hiyo mwale ulisafiri mita 4.4 na kufungua duara la mita 1.95. Maduara yakaingiliana, njia nzima ikawa na mwanga mmoja. Kwenye skrini ilipendeza. Tulipofika siku ya kufunga tukakuta dari ya jipsamu iliyoongezwa baada ya mchoro ule kuchorwa. Trasi ikaishia mita 4. Kutoka hapo hadi usoni ni mita 2.4 tu, na duara likawa la mita 1.06. Kati ya taa na taa pakawa na giza la sentimita 74, na ndani ya duara mwanga ukawa mkali zaidi ya mara 3 ya tulivyopanga. Bibi harusi akaingia kwa vigelegele akipita mwanga, giza, mwanga, giza, na ndivyo anavyoonekana kwenye video yake mpaka leo. Hilo haliwezi kurudiwa.

Tangu siku hiyo simwamini mchoro peke yake. Nikifika ukumbini na kipima leza, cha kwanza ni sakafu hadi dari, na si mahali pamoja: juu ya jukwaa, katikati, mlangoni. Kisha chini ya kila kinachoning'inia, yaani feni, kiyoyozi, taa za fuwele, projekta. Halafu namuuliza mpambaji. Mpambaji ndiye mtu anayesahauliwa kuliko wote katika modeli. Akitandaza vitambaa vya dari chini ya trasi yako, umewasha taa kwa ajili ya popo. Vitambaa vyake naviweka kwenye tabaka lake peke yake, ili yeyote atakayeipokea modeli kwa shughuli nyingine avizime.

Baada ya pande nne, pima ulalo, yaani kona hadi kona ya mkabala. Ukumbi wa mita 18 kwa 30 ukiwa na pembe mraba, ulalo wake ni mita 34.99. Pima ulalo zote mbili. Zikitofautiana kwa sentimita 20, ukumbi umeenda upande, na trasi inayotakiwa kwenda sambamba na ukuta haitakwenda sambamba na jukwaa.

Kwenye majengo ya zamani hata ulalo hautoshi. Chukua ua wa Ngome Kongwe pale Mji Mkongwe, Unguja, ambako tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, lilipandisha jukwaa lake kwa miaka mingi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zilijengwa kwa mkono, hazijui pembe mraba. Mahali kama hapo tumia pembetatu. Weka alama mbili chini, umbali wake uujue kwa uhakika, tuseme mita 10 kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa. Kila kona ya ukuta, kila mti, kila nguzo, ipime kutoka alama ya kwanza na kutoka alama ya pili. Kwenye kompyuta chora duara la kila umbali, yanapokatana ndipo kona ilipo. Ukuta utatoka umepinda kama ulivyo. Fanya kazi hii asubuhi sana au jioni, kwa kuwa jua la mchana humeza nukta ya leza, na mwenzako ashike kibao cheupe pale unapolenga.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na ukuta wa namna ile hautobolewi. Trasi itasimama kwa miguu yake na mizigo yake ya kuikandamiza, kwa hiyo chora miguu hiyo na mizigo hiyo kwenye modeli, maana inakula nafasi ya watu. Pima pia mlango wa kuingilia. Kipande cha trasi kisichopita langoni hakina maana hata kama kwenye skrini kimekaa vizuri.

Na kuna jambo ambalo modeli hukubali bila kusita ilhali jengo halikubali: uzito. Muvingi hedi 12 za kilo 20 ni kilo 240 kabla ya trasi, kebo na vishikizo. Kompyuta itazining'iniza kwenye jipsamu na haitalalamika. Usichore ndoano ambayo hukuiona. Uliyoiona, iandikie uzito ulioidhinishwa na mhandisi wa jengo. Kama hakuna aliyeidhinisha, andika hivyo hivyo kwa herufi kubwa: HAIJATHIBITISHWA, USINING'INIZE.

## Kabla hujabonyeza tuma

Jina la faili liseme ukumbi, mji, kizio na tarehe ya kupima. Jina kama "ukumbi mpya final 2" litamsumbua mtu baada ya mwaka. Ndani weka tabaka nne au tano zenye majina yanayoeleweka: jengo, jukwaa, viti, mapambo, trasi. Onyesha bodi ya umeme ilipo na jenereta inaposimama, kwa sababu anayepanga taa anapanga pia kebo.

Ambatanisha maandishi mafupi kwenye faili la kawaida. Yataje kizio, nukta sifuri iko wapi, nani alipima na lini, na hasa kipi hakikupimwa. "Kimo cha dari juu ya jukwaa nimekisia" ni sentensi inayoweza kuokoa usiku mzima wa mtu. Kuficha kwamba umekisia ndiko kunakoharibu.

Mwenye ukumbi aombwe ruhusa, na mchoro wa msanifu usiupitishe kama ulivyo. Kuna majengo, hasa ya serikali, ambayo ramani yake ya ndani haifai kuzunguka kwenye simu za watu. Umbo ulilopima na kulichora mwenyewe kwa ruhusa unaweza kulitoa kwa leseni ya CC BY 4.0, ili wengine walitumie wakikutaja jina.

Mwisho, lifungue faili lile lile unalolituma, kwenye kompyuta ambayo hukulichorea. Hata simu yenye kionyeshi cha GLB inatosha. Tazama F imesimama sawasawa, simama ndani uangalie kuta nne na dari. Ukishatuma, mpigie aliyepokea, mwombe apime mlango akusomee namba. Akisema mita mbili nukta moja, mwache aanze kazi.